Joto la Kukamata Hewa Ukaa: Gharama Imekaa Wapi, na Inapunguzwaje

Wilayani Rungwe, kwenye miteremko ya Kyejo, hewa ukaa hutoka ardhini yenyewe. Gesi inayopanda kupitia nyufa za miamba ya volkano kule ni hewa ukaa kwa sehemu kubwa sana, na kampuni ya TOL Gases imekuwa ikiivuna kwa visima, kuisafisha, kuigandamiza hadi iwe kimiminika na kuiuza kwa watengenezaji wa vinywaji. Upande wa pili wa Jiji la Mbeya, katika bonde la Songwe, tanuru la kiwanda cha saruji hutoa gesi hiyohiyo kupitia dohani, nayo hupotelea angani. Molekuli ni ileile, haina tofauti yoyote ya kikemia. Kinachozitenganisha gesi hizi mbili ni kwamba ile ya Rungwe inatoka ikiwa karibu safi, na ile ya dohani imechanganyika na naitrojeni, oksijeni, mvuke na vumbi. Karibu gharama yote ya kukamata hewa ukaa imejificha katika jambo hilo moja la mchanganyiko.

Wakazi wengi wa Iringa na Njombe wakisikia habari za hewa ukaa hufikiria misitu ya kupandwa na mikataba ya kuuza kaboni iliyohifadhiwa na miti. Makala haya yanahusu njia nyingine kabisa: kuikamata gesi kwenye dohani kwa kutumia kimiminika cha kemikali kinachoifyonza, kisha kukipasha moto kimiminika hicho ili kiiachie. Njia hii inafanya kazi, na imefanya kazi kwa miaka mingi. Kikwazo chake ni joto, na nitajitahidi kuonyesha joto hilo linakwenda wapi hasa, kwa sababu mijadala mingi hulitaja kama tarakimu moja isiyofafanuliwa, na mtu asiyeona vipande vya tarakimu hiyo hawezi kuelewa kwa nini uvumbuzi fulani unasaidia na mwingine hausaidii.

Kuchanganya debe moja la mchele wa Kyela na madebe saba ya kokoto ndogondogo ni kazi ya dakika moja, lakini kuutenganisha tena ni kazi ya siku nzima. Moshi wa mtambo wa makaa ya mawe una uwiano unaokaribiana na huo, yaani hewa ukaa ya asilimia 12 hivi, na sheria za fizikia zimeweka kiwango cha chini kabisa cha nishati ya kuitenganisha ambacho hakuna fundi anayeweza kukikwepa: takriban kilowati saa 45 hadi 50 kwa kila tani. Ukijumlisha kazi ya kuigandamiza gesi hadi shinikizo la baa 150 ili isafirishwe au ihifadhiwe chini ya ardhi, kiwango hicho cha chini kinafika kilowati saa 110 hivi. Hewa ya kawaida tunayoivuta ina hewa ukaa ya asilimia 0.04 tu, na ndiyo maana kuikamata moja kwa moja kutoka angani kunahitaji, hata kwa mtambo usio na dosari yoyote, nishati ya kutenganisha iliyo kubwa kuliko ya kwenye dohani kwa mara mbili na nusu hadi tatu. Moshi wa tanuru la saruji, kwa upande wake, una asilimia 20 au zaidi, kwa kuwa mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ukaa yanapochomwa: katika kila kilo 100 za kaboneti ya kalsiamu, kilo 44 huondoka kama gesi. Saruji ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu hata tanuru likichomwa kwa nishati safi kabisa, gesi ya chokaa bado itatoka.

Mitambo halisi ya kizazi cha kwanza hutumia takriban mara tatu ya kiwango hicho cha chini. Ili kuona sababu, ni lazima tuingie ndani ya mtambo.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1930 Mmarekani Robert Bottoms alipewa hataza ya kutumia amini, kundi la kemikali zenye naitrojeni zinazokaribiana kimuundo na amonia, kuondoa gesi zenye asidi kutoka katika gesi nyingine, na tangu hapo viwanda vya gesi asilia vimekuwa vikiitumia. Amini iliyozoeleka zaidi ni monoethanolamini, ambayo wahandisi huiita MEA, ikiwa asilimia 30 kwa uzito ndani ya maji. Moshi uliopozwa hadi nyuzi joto 40 huingizwa chini ya mnara mrefu uliojazwa mabati membamba yenye mikunjo. Kimiminika hunyeshea kutoka juu, kikatandaa juu ya mikunjo hiyo kama utando mwembamba, na hapo molekuli mbili za MEA huikamata molekuli moja ya hewa ukaa. Kimiminika kilichoshiba hupelekwa kwenye mnara wa pili, ambako hupashwa hadi nyuzi joto 120 hivi; kifungo kinavunjika, hewa ukaa inapanda juu pamoja na mvuke wa maji, mvuke unapozwa na kurudi kuwa maji, na gesi iliyobaki ni karibu safi kama ile ya Rungwe. Kimiminika kilichopungukiwa gesi hurudi kwenye mnara wa kwanza, na mzunguko unaendelea usiku na mchana.

Joto linalohitajika kwenye mnara wa pili lina ankara tatu ndani yake.

Ankara ya kwanza ni ya kifungo chenyewe. MEA inapoikamata hewa ukaa hutoa joto la takriban kilojuli 85 kwa kila moli (kipimo cha kikemia cha idadi ya molekuli), na joto hilohilo lazima lirudishwe ili kifungo kivunjike. Kwa kuwa moli moja ya hewa ukaa ina gramu 44, hesabu inatoa gigajuli 1.9 kwa tani.

Ankara ya pili ni ya maji. Kilo moja ya mchanganyiko huu ina MEA ya gramu 300 tu, na katika kila mzunguko inaweza kubeba na kushusha gramu 55 hivi za hewa ukaa. Kwa maneno mengine, ili kupata kilo moja ya gesi ni lazima kilo 18 za kimiminika, sehemu kubwa ikiwa ni maji yasiyofanya kazi yoyote ya kukamata, zipashwe kutoka nyuzi joto 45 hadi 120 kisha zipozwe tena. Kama kila mara joto hilo lingetoka upya kwenye boila, ankara hii peke yake ingefika gigajuli 5 kwa tani, na biashara ingeishia hapo. Kinachoiokoa ni kibadilishi joto: kimiminika cha moto kinachotoka mnara wa pili hupita ubavuni mwa kile cha baridi kinachoingia, vikitenganishwa na bamba jembamba la chuma, na kukirithisha joto lake. Tofauti inayobaki kati ya viwili hivyo ikiwa nyuzi 10, ankara inashuka hadi gigajuli 0.67. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kinachowezekana na kisichowezekana, nayo imeletwa na kifaa kisicho na kemia yoyote mpya ndani yake.

Ankara ya tatu husahaulika mara nyingi. Hewa ukaa haitoki peke yake juu ya mnara wa pili, bali hutoka pamoja na mvuke, kama nusu kilo ya mvuke kwa kila kilo ya gesi katika mtambo wa kawaida. Joto lililotumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke huenda kwenye kipozeo na kupotea, na ni kama gigajuli 1.1 kwa tani.

Jumla inakaribia gigajuli 3.7. Tuchukue kiwanda cha kufikirika kinachotaka kukamata tani 1,000 kwa siku. Kitahitaji joto la megawati 43 mfululizo, zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo ya Mtera, ambao ni megawati 80. Joto hilo likitoka kwenye boila la makaa ya mawe yenye gigajuli 25 kwa tani, kiwanda, ukihesabu na joto linalopotea kwenye boila lenyewe, kitachoma tani 170 hivi za makaa kila siku, na makaa hayo yatatoa tani 400 na ushee za hewa ukaa mpya. Kwa hiyo mtu anayejenga mtambo huo bila kufikiria chanzo cha joto atakuwa anakamata kumi na kuachia nne. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zina makaa ya mawe, Kiwira na Mchuchuma, na kishawishi cha kuyafanya yawe jibu la kila swali la joto ni kikubwa.

Katika ankara hizi tatu, watafiti wengi walianza kwa kuishambulia ya kwanza, na ni rahisi kuona kwa nini, kwani ndiyo kubwa kuliko zote. Zipo amini zenye kifungo hafifu zaidi. MDEA, kwa mfano, haifungamani na hewa ukaa moja kwa moja. Huisaidia kuungana na maji na kuwa bikaboneti, na joto la kifungo hicho ni kilojuli 60 au pungufu kidogo kwa moli, yaani gigajuli 1.3 kwa tani. Kwa haraka ungesema tumeokoa gigajuli 0.6. Hali halisi haiko hivyo, na hapa ndipo somo lote linapogeuka.

Nguvu ya kifungo ndiyo inayoamua shinikizo la hewa ukaa litaongezeka kiasi gani kimiminika kinapopashwa. Kwa kifungo cha kilojuli 85, kupanda kutoka nyuzi joto 40 hadi 120 huongeza shinikizo la gesi hiyo juu ya kimiminika kwa zaidi ya mara 700. Kwa kifungo cha kilojuli 60, ongezeko ni mara 100 na kitu tu, na wakati huohuo shinikizo la mvuke wa maji limepanda kwa mara 27 bila kujali umechagua amini gani. Matokeo yake ni kwamba kwenye amini ya kifungo hafifu mvuke unaotoka na kila kilo ya gesi ni mwingi zaidi, na gesi hutoka ikiwa na shinikizo dogo, hivyo kompresa nayo inafanya kazi zaidi. Ulichookoa katika ankara ya kwanza umekilipa katika ya tatu, na pengine ukaongezewa ankara ya umeme. Juu ya hayo, MDEA huikamata gesi polepole, na mnara wa kuifaa utakuwa mrefu mno isipochanganywa na amini yenye kasi.

Kwa maoni yangu, kundi lililoielewa hesabu hii vizuri kuliko mengine ni lile la Gary Rochelle wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, ambalo badala ya kutafuta kifungo hafifu lilitafuta kemikali inayovumilia joto. Piperazini, amini yenye umbo la pete, hukamata hewa ukaa kwa kasi inayozidi mara mbili ya MEA, na inaweza kupashwa hadi nyuzi joto 150 bila kuoza haraka, ilhali MEA huanza kuharibika kwa kasi ikizidishwa nyuzi 120 hivi. Kwenye joto hilo gesi hutoka kwa shinikizo la baa kadhaa, mvuke unaoisindikiza ni kidogo, na kompresa inaanzia ngazi ya juu. Mnara wa pili wenyewe hurahisishwa: sehemu ndogo ya kimiminika baridi hupitishwa juu ili kuudaka mvuke kabla haujatoroka, nacho hulirudisha joto la mvuke huo ndani. Mipangilio ya namna hii imeshusha mahitaji hadi gigajuli 2.1 hadi 2.5 kwa tani. Piperazini ina udhaifu wake pia: ikipoa sana wakati haijabeba gesi ya kutosha huganda na kuziba mabomba, na mwendeshaji hapaswi kulisahau hilo hata siku moja.

Ankara ya pili nayo imepunguzwa kwa njia ambazo hazina mvuto kwenye vichwa vya habari. Kuongeza eneo la kibadilishi joto ili tofauti ya nyuzi 10 iwe 5 kunaokoa gigajuli 0.33 kwa tani. Bei yake ni chuma, kwani eneo la mabamba linakaribia kuwa mara mbili, lakini vibadilishi vya mabamba yaliyobanwa pamoja, aina ileile inayotumika katika viwanda vya kusindika maziwa, vimelifanya jambo hilo liwe la kawaida. Njia nyingine ni kupunguza maji yenyewe. Zipo kemikali ambazo karibu hazihitaji maji kabisa, na zipo zile ambazo zikishiba hewa ukaa hujitenga tabaka mbili, ili tabaka lililobeba gesi ndilo pekee liende kupashwa. Ufaransa imeijaribu hiyo ya pili kwa gesi za kiwanda cha chuma huko Dunkirk, chini ya jina la DMX. Tatizo la vimiminika hivi visivyo na maji mengi ni unato: vikishiba huwa vizito, na kimiminika kizito hukataa kutandaa vizuri ndani ya mnara.

Upo pia mkondo wa potasiamu kaboneti, chumvi ya bei nafuu isiyooza na isiyotoa mvuke wenye madhara. Kifungo chake ni hafifu sana na kasi yake ndogo mno kwenye joto la kawaida. Kinachoifufua ni kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi, kilekile kilichomo katika chembe nyekundu za damu yetu, ambacho huiharakisha hewa ukaa kuungana na maji. Mfumo wa namna hii uliwekwa kwenye kiwanda cha massa ya karatasi huko Saint-Félicien, Quebec, na gesi iliyokamatwa ikapelekwa kwenye banda la kukuzia matango lililo jirani. Kilichonivutia katika mfumo huo ni kwamba kutoa gesi kulifanyika kwa maji ya moto, bila mvuke wa boila, kwa kuwa mnara wa pili huendeshwa kwa shinikizo la chini.

Jambo hilo linatupeleka kwenye upande ambao tarakimu ya gigajuli huuficha, yaani ubora wa joto. Gigajuli moja ya mvuke wa nyuzi joto 135 ingeweza kuzungusha tabaini na kuzalisha umeme. Gigajuli moja ya maji ya nyuzi 80 haiwezi kuzalisha umeme wa maana. Gigajuli zetu 3.7 zikichotwa kwenye tabaini ya mtambo wa umeme, zinaunyima mtambo huo kilowati saa 200 na ushee kwa kila tani inayokamatwa. Ongeza 100 hivi za kompresa, na hapo ndipo tunapofika mara tatu ya kiwango cha chini kilichowekwa na fizikia. Boundary Dam nchini Kanada, mtambo wa makaa ya mawe uliotangulia mingine kwa ukubwa wa kibiashara mwaka 2014, huchota mvuke kwenye tabaini yake wenyewe. Petra Nova huko Texas, ulioanza mwaka 2017 kwa amini ya Kijapani ya KS-1, ulijengewa mtambo wake mdogo wa gesi asilia ili usiupunguzie umeme mtambo mkubwa wa makaa ya mawe. Nao wa Brevik nchini Norwe, kwenye kiwanda cha saruji, uliozinduliwa mwaka 2025, umechagua njia ninayoiona kuwa ya busara zaidi: unatumia joto la tanuru ambalo lingepotea, na kwa kuwa joto hilo lina kikomo, unakamata tani 400,000 kwa mwaka, takriban nusu ya gesi ya kiwanda, na kuiacha nusu nyingine.

Mpango wa kukamata hewa ukaa katika Nyanda za Juu Kusini ungepaswa kuanzia hapo. Eneo hili linazalisha umeme wa maji, Kihansi na Mtera, ambao hautoki kwenye mvuke. Pale ambapo umeme unatoka kwenye maporomoko, kugandamiza mvuke hafifu unaotoka kwenye kimiminika cha moto na kuurudisha chini ya mnara, kazi inayofanywa na kompresa ya umeme, kunaweza kuwa na faida kuliko kuchoma makaa ili kupata mvuke mpya. Rungwe kuna chemchemi za maji moto, na Ngozi na Kyejo-Mbaka yamo kati ya maeneo yanayochunguzwa kwa ajili ya jotoardhi. Joto la wastani lisilotosha kuendesha tabaini kubwa linaweza kutosha kabisa kwa kimiminika kinachoachia gesi kwenye nyuzi 80.

Mwinuko nao una neno lake. Bonde la Songwe liko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 15 likilinganishwa na la pwani. Mnara wa kwanza hufanya kazi kwenye shinikizo la hewa ya kawaida, kwa hiyo moshi wenye hewa ukaa ya asilimia 20 huko unasukuma gesi kuingia kwenye kimiminika kwa nguvu ambayo moshi wa asilimia 17 ungekuwa nayo Wazo Hill, na ujazo wake ni mkubwa zaidi, hivyo mnara unapaswa kuwa mpana zaidi na feni kubwa zaidi. Baridi ya nyanda hizi inarudisha sehemu ya hasara hiyo, kwa kuwa kimiminika kilichopozwa vizuri hushika gesi zaidi. Mnara wa pili, ambao umefungwa na una shinikizo lake wenyewe, hauathiriki.

Katika viwanda vyote vya ukanda huu, ninachokitazama kwa matumaini zaidi ni kile cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi. Kaboni iliyomo katika kuni na masalia ya misindano ilifyonzwa kutoka angani na miti yenyewe, hivyo kuikamata dohanini na kuihifadhi ardhini ni kuipunguza angani kwelikweli. Viwanda vya massa vya aina hii huchoma majimaji meusi yanayobaki baada ya kupika vipande vya miti, na kwa kawaida huwa na mvuke mwingi wa shinikizo dogo. Mhandisi atakayetumwa kufanya upembuzi mahali kama hapo aanze na kipimajoto na mita ya mvuke, apime kwa mwaka mzima ni kiasi gani cha joto kinatupwa na kwa nyuzi ngapi, masika na kiangazi, wakati kiwanda kimesimama na wakati kinafanya kazi kwa nguvu zote, ndipo achague kimiminika kitakacholifaa joto hilo.